Jina la Johnson na Waandishi Waliolibeba

Kimofolojia, Johnson ni John na -son, yaani 'mwana wa John'. Muundo huu wakaribiana na wetu wa 'bin'. Ila 'bin' hufuatwa na jina la baba wa kila kizazi, ilhali Johnson liliganda, likarithiwa hata na wasio na John katika nasaba yao.

Tanbihi hii si ya bure. Samuel Johnson (1709–1784), mtunzi wa kamusi ya Kiingereza ya 1755, si Samuel Johnson (1846–1901), kasisi Myoruba mzaliwa wa Sierra Leone aliyeandika historia ya Wayoruba. Mswada wa huyu wa pili ulipotelea kwa wachapishaji. Nduguye Obadiah akauandika upya, ukachapishwa 1921. Asomaye faharasa peke yake atamdhania Mwingereza.

Kwetu yuko Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa 1930. Kamusi sanifu zilitoka 1939, yeye akiwa amekwisha kufariki. Twaziita 'za Johnson', ingawa msingi wake ni kazi ya Madan, ambaye wanafunzi wetu hawamtaji.