Kagua Mtungi wa Kuzimia Moto Kabla ya Kulipa

Simiyu ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa kilimo cha pamba nchini. Pamba hushika moto upesi, na moto wake huweza kuendelea kufukuta ndani ya robota hata baada ya miali kuzimwa. Kwa hiyo mwenye duka au ghala mjini Bariadi anaponunua mtungi wa kuzimia moto, hanunui pambo la ukutani.

Tunamshauri mnunuzi akague mambo matatu. Kwanza, mshale wa kipimo uwe kwenye rangi ya kijani. Mtungi wa hewa ukaa hauna kipimo hicho, huo hupimwa kwa uzito. Pili, pini na lakiri yake ziwe hazijaguswa. Tatu, lebo ionyeshe tarehe ya ukaguzi na aina za moto unaozimwa.

Mtungi wa unga uliotumika hata kwa sekunde chache sharti ujazwe upya, kwani unga hubaki kwenye vali na mgandamizo huvuja polepole. Dai risiti na uitunze. Ndiyo ushahidi wako. Moto ukizuka, piga 114, namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.