Mwanangu Analala Stendi

Swali: Mume wangu kamfukuza mwanangu wa miaka 16, si damu yake. Analala stendi. Nifanyeje? – Mama, Mwanza

Jibu: Pole, dada. Kama alipigwa, vikao vya familia viache kwanza. Piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Kama ni ugomvi tu, leo hii alale kwa mjomba au shangazi, maana suluhu haipatikani na mtu anayelala nje. Kesho nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Omba amsikilize kijana peke yake. Mbele ya baba wa kambo atainamisha kichwa tu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kijana haki ya malazi, hilo mumeo aambiwe na afisa, si wewe. Kisha ninyi watatu mkubaliane kwa maandishi mambo madogo: saa ya kurudi, nani ananunua madaftari.