SOMO LA AFYA: Daktari wa meno anajuaje nani yuko hatarini?



Wengi wetu huenda kwa daktari wa meno wakati jino limekwisha kuuma, na mara nyingi linalobaki ni kuling'oa. Lakini daktari hatazami jino moja tu. Anapima pia hatari: je, mtu huyu atapata matundu mengine? Mengi anayoyatazama, hata sisi hapa Buterere tunaweza kuyatazama nyumbani.

Jino linaozaje?

Si funza anayetoboa jino, kama wengi tulivyosikia. Mdomoni mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vinakula sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo inayeyusha ganda gumu la jino. Mate huondoa asidi na kurudisha madini kwenye jino, lakini yanahitaji karibu nusu saa au zaidi.

Daktari anatazama nini?

1. Matundu. Mwenye tundu sasa, au aliyeng'olewa jino bovu karibuni, ana hatari kubwa ya kupata lingine. Alama hii ina nguvu sana.

2. Madoa meupe. Doa jeupe lisilong'aa, karibu na ufizi, ni mwanzo wa kuoza. Hapo bado linaweza kusimamishwa. Lakini si kila doa ni kuoza. Kule Arusha, Tanzania, watu wengi wana meno ya kahawia kwa sababu maji ya kwao yana floraidi nyingi mno.

3. Sukari mara ngapi kwa siku. Watoto wawili wamepewa pipi nne nne. Wa kwanza anazila zote mara moja baada ya chakula. Wa pili anakula moja kila saa. Sukari ni ile ile, lakini meno ya wa pili yanashambuliwa mara nne, na mate hayapati nafasi ya kuyatengeneza. Chai ya sukari inayonywewa kidogo kidogo mchana kutwa ni vivyo hivyo.

4. Floraidi. Je, anapiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi?

5. Mate. Mdomo mkavu, kwa ugonjwa au kwa dawa fulani, huoza meno upesi.

6. Usiku wa mtoto. Mtoto anayelala na chupa ya maziwa au ya chai ya sukari yuko hatarini, maana usiku mate hupungua.

Kisha daktari anamweka mtu katika hatari ndogo, ya kati au kubwa. Wa hatari kubwa huambiwa arudi baada ya miezi michache. Wa hatari ndogo anaweza kungoja hata mwaka.

Tufanye nini?

- Piga mswaki asubuhi na usiku kabla ya kulala. Mtoto chini ya miaka 3 atiwe dawa kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere. Tema povu, usisukutue kwa maji mengi.
- Kila mtu awe na mswaki wake.
- Vitu vitamu viliwe pamoja na chakula. Kati ya milo, kunywa maji safi.
- Inua mdomo wa juu wa mtoto kila mwezi, utafute madoa meupe. Ukiyaona, mpeleke kituo cha afya kabla hajalia.

Tundu dogo linaweza kuzibwa hata pasipo umeme. Njia ya kulisafisha kwa vyombo vya mkono tu na kuliziba ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na leo inatumika katika nchi nyingi.

ANGALIA! Uso ukivimba, pamoja na homa au shida ya kumeza, kupumua au kufungua mdomo, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usaha wa jino unaweza kuenea mwilini na kuua.

Maswali ya kujikumbusha

1. Kwa nini pipi moja kila saa ni mbaya kuliko nne kwa pamoja?
2. Doa jeupe karibu na ufizi linatuambia nini?
3. Nyumbani kwako, ni nani mwenye hatari kubwa?