Motokaa Inapolia Konani

Wengi wetu tuliosoma shule hii tuna motokaa kuukuu, na baadhi yenu mlio madarasani mtakuja kuzirithi. Kwa hiyo nimeona vema niwaandikie somo dogo nililolipata Ruhwa, mahali ambapo mto wa jina hilo unatenga Rwanda na Burundi kabla ya kumwagika katika Rusizi.

Nilishuka huko jioni moja kutoka Kamembe kumchukua dada yangu, aliyetakiwa kufika hospitali kesho yake asubuhi. Nilipogeuza motokaa mbele ya nyumba yake, nikasikia chini, upande wa kushoto: ka-ka-ka-ka. Nikanyosha usukani, kimya. Nikakunja tena kulia, ka-ka-ka-ka.

Dada akauliza, "Kaka, itatufikisha hii?"

Sikuwa na jibu. Bonde la Rusizi, kiasi cha mita 950 juu ya bahari, ndiko chini kuliko kote katika Rwanda. Kurudi Kamembe ni kupanda mlima, kona baada ya kona, na giza lilikuwa linaingia.

Miezi michache kabla, fundi mmoja aliisikia sauti hiyo ilipokuwa bado ndogo. Bila hata kuinama alisema, "Beringi." Nikalipa, beringi zikabadilishwa, na sauti ikabaki. Kosa halikuwa lake peke yake. Mimi nami sikumwuliza amejuaje. Basi safari hii niliazimia kuiuliza motokaa yenyewe, swali moja moja.

Swali la kwanza: Sauti inakuja lini? Niliwasha injini, motokaa ikiwa imesimama, nikazungusha usukani kutoka mwisho hata mwisho. Kimya. Kama ungenguruma, ningetazama mafuta ya usukani. Kama ungelia kwa kukwaruza, ningeshuku kiungo cha boli au kiti cha juu cha shokapu. Kisha mpwa wangu aliendesha polepole, usukani umekunjwa, nami nikatembea kando. Akiongeza mwendo, mgongo wa sauti uliongezeka haraka. Akiachia mafuta, sauti ilipungua. Maana yake, sauti ilifuata mzunguko wa gurudumu na nguvu ya injini. Beringi haifanyi hivyo. Beringi iliyokwisha huvuma, na huvuma hata katika njia iliyonyoka.

Swali la pili: Je, gurudumu limelegea? Tuliweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, tukainua mbele kwa jeki. (Angalieni: usiingize mwili chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki tu.) Nilishika gurudumu juu na chini, nikalitikisa. Likicheza hivyo, mwenzako akanyage breki: mchezo ukiisha, ni beringi, ukibaki, tazama kiungo cha boli. Likicheza ukishika kushoto na kulia, tazama ncha za mikono ya usukani. Langu halikucheza.

Swali la tatu: Macho yanaona nini? Nilimulika tochi nyuma ya gurudumu. Mfuko wa mpira ulio mwisho wa ekseli ulikuwa umepasuka, na girisi imetapakaa ndani ya rimu. Jibu lilikuwa hapo.

Motokaa yangu huvutwa na magurudumu ya mbele. Gurudumu moja lina kazi mbili: kupokea nguvu ya injini na kukunja kona. Kiungo kinachoziunganisha kazi hizo mafundi wa huku hukiita kardani. Alfred Rzeppa, mhandisi wa Marekani, alibuni namna iliyoenea zaidi katika miaka ya 1920: gololi sita za chuma hukimbia katika mifereji, ndani ya girisi. Mfuko ukipasuka, girisi hutoka na mchanga huingia, ukaila mifereji. Motokaa ikinyoka, gololi hukaa karibu mahali pamoja; ikikunja, kila gololi hulazimika kwenda na kurudi juu ya mashimo yale. Hapo ndipo inapolia.

Sasa, itatufikisha? Kiungo cha boli kikichomoka, gurudumu hulala na usukani haufai kitu. Ukikiona kimelegea, usiondoke hata hatua moja. Kardani huonya muda mrefu zaidi. Lakini siku ikivunjika, injini itanguruma na motokaa isipande; na ukiegesha mlimani, gia haitaizuia, ila breki ya mkono. Yangu ilikuwa imeonya miezi mingi. Sikuthubutu kumpandisha mgonjwa usiku kwa chombo hicho. Dada aliondoka alfajiri kwa gari la abiria, akawahi.

Mimi nilibaki kumngoja fundi kutoka Bugarama. Alikuwa kijana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akarudia majaribio yangu yote mwenyewe, ndipo akafungua. Alipopangusa kile kiungo, mifereji ilikuwa na mashimo kama jino bovu. "Mzee," akasema, "mfuko huu ungebadilishwa mapema, chuma hiki kingekuwa kizima."

Alisema kweli. Mpira ule ni wa bei ndogo kabisa karibu na kardani nzima. Basi kila mnapomwaga mafuta ya injini, inameni mtazame mifuko yote. Na fundi akikutajia ugonjwa, mwulize kwa adabu: "Umejuaje?" Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na mimi niliujenga mara mbili.