Tone la Damu Linakwenda Wapi? Somo Kuhusu Utafiti wa Afya Ifakara

Mtafiti wa afya anapobisha hodi akiwa na hojaji mkononi na sindano mkobani, swali la wenye nyumba mara nyingi huwa moja: damu hii inakwenda wapi? Swali hilo lina mizizi mirefu. Hadithi za mumiani, mtu anayesemekana kuchukua damu ya watu ili kutengenezea dawa, zimesimuliwa Afrika Mashariki tangu enzi za ukoloni. Kumdhihaki mwenye hofu hiyo hakumsaidii, anastahili kujibiwa. Somo hili linatoa jibu kwa kutumia mfano wa Taasisi ya Afya Ifakara, iliyopo katika Bonde la Kilombero, Mkoa wa Morogoro.

Taasisi ilivyoanza

Mwaka 1949 mtaalamu wa elimu ya wanyama kutoka Uswisi, Rudolf Geigy, alifika Ifakara kuchunguza magonjwa ya ukanda wa joto. Mwaka 1957 maabara ndogo ilijengwa hapo. Bonde lenye mito, mashamba ya mpunga na mafuriko ya kila msimu lilikuwa pia makazi ya mbu waenezao malaria. Miaka ilivyopita, kituo kilitoka mikononi mwa wageni na kuwa taasisi ya Kitanzania. Mwaka 2008 kilipata jina lake la sasa, na leo kina ofisi Ifakara, Bagamoyo na Dar es Salaam.

Hatua ya kwanza: kuhesabu

Mwaka 1996 taasisi ilianza kufuatilia kaya katika vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga. Kila baada ya miezi minne mdadisi alirudi katika nyumba zilezile na kuuliza nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia na nani amehama. Kazi hiyo inaonekana ndogo. Hata hivyo, vijijini watoto wengi walifariki nyumbani bila kifo chao kuandikwa katika daftari la zahanati. Kifo kisichoandikwa hakionekani katika takwimu, na tatizo lisiloonekana halitengewi bajeti.

Mwaka 1997 mradi wa vyandarua vyenye dawa ulianza katika eneo hilo. Vyandarua viliuzwa madukani kwa jina la Zuia Mbu, na wajawazito pamoja na mama wenye watoto wadogo walipewa hati ya punguzo la bei kliniki. Mwanzoni, chini ya asilimia 10 ya watoto wachanga walikuwa wakilala ndani ya chandarua chenye dawa. Baada ya miaka mitatu walizidi asilimia 50.

Je, vyandarua hivyo viliokoa maisha? Ili kujibu, ilibidi kujua watoto waliofariki na watoto walio hai walikuwa wakilala vipi. Wadadisi walifika hata katika nyumba zilizofiwa. Mama aliyemzika mwanawe aliulizwa kama mtoto alikuwa akilala ndani ya chandarua, na kama chandarua kilitiwa dawa. Ni swali gumu kuuliza na gumu zaidi kujibu. Kama wazazi hao wangekataa, au wangejibu ili kumfurahisha mgeni, matokeo yasingekuwa na thamani yoyote.

Walijibu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kuwa, kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne, chandarua chenye dawa kilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika. Mwaka 2004 utaratibu wa Hati Punguzo kwa wajawazito ulianza kutekelezwa kitaifa. Utaratibu uliojaribiwa katika kliniki za Kilombero na Ulanga ukawa huduma ya nchi.

Hatua ya pili: kulinganisha

Mtoto akipewa dawa na asiugue, bado haijathibitika kuwa dawa ndiyo iliyomkinga. Huenda mwaka huo mvua zilikuwa chache na mbu wakapungua. Kwa sababu hiyo watafiti huunda makundi mawili yanayofanana na kuyafuatilia kwa pamoja.

Hivyo ndivyo ilivyofanyika Ifakara katika utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2001. Watoto 701 waliofika kliniki kupata chanjo waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa dawa ya SP katika umri wa miezi 2, 3 na 9. Kundi la pili lilipewa vidonge visivyo na dawa ndani. Katika mwaka wa kwanza wa maisha, malaria ilipungua kwa asilimia 59 katika kundi la SP, na upungufu mkubwa wa damu ulipungua kwa nusu. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njia hiyo kwa nchi zenye mazingira yanayofaa.

Kundi la kulinganisha si lazima liambulie patupu. Katika majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyofanyika katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, vikiwemo Bagamoyo na Korogwe, watoto wakubwa kidogo wa kundi hilo walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza RTS,S itumike kwa watoto wa maeneo yenye malaria.

Kwa nini watafiti hurudi tena

Wananchi wengi huuliza: ikiwa jibu limepatikana, mbona bado wanakuja? Sababu ni kwamba mbu naye hubadilika. Katika Bonde la Kilombero, mbu aina ya Anopheles funestus sasa ndiye mwenezaji mkuu wa malaria, naye amejenga usugu dhidi ya viuatilifu vilivyozoeleka kutiwa katika vyandarua. Damu ya kidole inayochukuliwa leo huonyesha iwapo vimelea vya malaria bado vipo kijijini. Mbu wanaonaswa ndani ya nyumba huonyesha iwapo kiuatilifu bado kinafanya kazi.

Haki za mwananchi

Ushiriki katika utafiti ni hiari. Kila mwananchi anayeombwa kushiriki ana haki zifuatazo:

1. Kuelezwa kwa lugha anayoielewa lengo la utafiti, kitakachochukuliwa mwilini mwake, na madhara yanayoweza kutokea.
2. Kupewa muda wa kutafakari na kushauriana na familia kabla ya kutia saini au dole gumba. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi.
3. Kukataa, au kujitoa wakati wowote, bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida.
4. Kutunziwa siri ya majibu yake.
5. Kuona kibali. Utafiti wa afya nchini hupitiwa kwa maadili chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na majaribio ya dawa au chanjo huhitaji pia idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Mtafiti aliyefuata utaratibu hupita Halmashauri, kisha ofisi ya kata na serikali ya kijiji, kabla ya kubisha hodi kwa mtu. Mwananchi akiwa na shaka, amwulize mtendaji wa kijiji au ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya kabla ya kutoa damu.

Haki huenda na wajibu. Aliyekubali kushiriki ajibu kweli. Mzazi anayesema mwanawe hulala ndani ya chandarua, ilhali chandarua kinafunika bustani ya mchicha, huwafanya wataalamu waamini kuwa chandarua kimeshindwa kazi. Na mtafiti naye ana deni: kurudi kijijini kueleza alichokigundua.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa kitongoji

1. Kwa nini kifo cha mtoto kilichotokea nyumbani kinapaswa kuandikishwa?
2. Kwa nini watafiti huhitaji kundi la kulinganisha?
3. Utafiti wa mwisho kufanyika kijijini uligundua nini, na nani alirudi kuwaeleza wananchi?