Wimbo Kama Shahidi: Kufundisha Kumbukumbu ya Siasa kwa Nyimbo za Ukombozi

Utangulizi

Katika shule zetu za msingi watoto hupanga mistari mbele ya bendera na kuimba Mungu Ibariki Afrika. Huimba kwa sauti ya juu, na wengi wao wamekwisha kuimba wimbo huo mara nyingi mno kabla ya kufika darasa la tano. Lakini mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha akiwauliza ni nani aliyetunga mahadhi ya wimbo ule, na ulikuwa ukiimbwa wapi kabla ya kuwa wimbo wetu wa taifa mwaka 1961, yaelekea atapata kimya, au mtoto mmoja jasiri atajibu kwamba ulitungwa na Serikali. Jibu hilo si la kuchekwa. Ni dalili kwamba wimbo umefika salama, lakini habari yake imeachwa njiani.

Makala haya yana shabaha mbili. Ya kwanza ni kuonyesha jinsi nyimbo za watu zinavyotunza kumbukumbu ya siasa, na mahali zinaposhindwa kuitunza. Ya pili ni kumpa mwalimu mtarajiwa njia ya kuufanyia wimbo kazi darasani kama shahidi wa historia. Mifano yetu mikubwa inatoka Afrika Kusini, kwa kuwa ndiko mahadhi ya wimbo wetu wa taifa yalikozaliwa.

Kwa nini wimbo hutunza kumbukumbu

Wakati wa utawala wa kigeni na wa ubaguzi, kalamu ilikuwa mkononi mwa mtawala. Kumbukumbu za mahakama, taarifa za polisi na sehemu kubwa ya magazeti ziliandikwa na upande mmoja. Mtu wa kawaida hakuwa na karatasi, na akiwa nayo iliweza kukamatwa. Wimbo haukamatwi kwa urahisi huo. Vina na mapigo yake huufunga katika ufahamu. Kiitikio hurudiwa mpaka kimezoeleka. Na kwa kuwa huimbwa na wengi, asahaupo mmoja, mwenzake humkumbusha. Mwimbaji mmoja aweza kufungwa, lakini kijiji kizima hakitoshi gerezani.

Aidha, wimbo una uwezo wa kufumba. Wahenga walisema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Maneno yanayosikika kama mzaha au sifa huweza kubeba malalamiko ambayo yangesemwa wazi yangemfikisha msemaji kizimbani.

Safari ya wimbo mmoja

Enoch Sontonga alikuwa mwalimu katika shule ya misheni ya Methodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Mwanachuo na alizingatie jambo hili: mtunzi wa mahadhi yaliyokuja kuwa wimbo wa mataifa kadhaa alikuwa mwalimu wa watoto kama wewe utakavyokuwa. Mwaka 1897 alitunga ubeti wa kwanza na kiitikio cha Nkosi Sikelel' iAfrika kwa lugha ya Kixhosa, akauandika kwa herufi za solfa, yaani do, re, mi, ambazo shule za misheni zilizitumia sana. Hapana shaka njia hiyo ya uandishi ilisaidia wimbo kusafiri, kwani kwaya yoyote iliyojua herufi hizo iliweza kujifunza sauti zote nne bila kinanda.

Mwaka 1899 wimbo uliimbwa hadharani katika ibada ya kumweka wakfu mchungaji. Sontonga alifariki mwaka 1905, akiwa bado kijana, kabla ya kuona wimbo wake ukitoka kanisani na kuingia katika siasa. Tarehe 8 Januari 1912 ulisikika mjini Bloemfontein, katika mkutano uliozaa chama ambacho baadaye kiliitwa African National Congress. Mwaka 1923 mwandishi Solomon Plaatje aliuimba mjini London ukarekodiwa katika sahani ya santuri. Mwaka 1925 chama kikaufanya wimbo wake rasmi, na mshairi Samuel Mqhayi akauongezea beti zaidi.

Tangu hapo wimbo ulivuka mipaka. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, mahadhi yale yalipewa maneno ya Kiswahili yakawa wimbo wa taifa. Zambia iliyachukua mwaka 1964 na kuyawekea maneno yake. Zimbabwe iliyatumia tangu mwaka 1980 hadi 1994. Basi kwa miaka mingi mahadhi yale yale yaliimbwa Dar es Salaam mbele ya polisi waliopiga saluti, na Johannesburg mbele ya polisi walioshika virungu.

Tofauti hiyo ilionekana hata hapa nchini. Baada ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto yaliyoanza tarehe 16 Juni 1976, vijana wengi wa Afrika Kusini walikimbilia uhamishoni. Serikali ya Tanzania ilitoa ardhi Mazimbu, Morogoro, na hapo ikajengwa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa mjini Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Shule za mji wa Morogoro ziliimba mahadhi ya Sontonga kwa Kiswahili kama wimbo wa dola huru. Wageni wa Mazimbu waliyaimba kwa lugha za kwao kama wimbo wa nchi ambayo bado haijakombolewa. Majengo ya Mazimbu yalikabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Nyimbo mbili nyingine

Mwanachuo asidhani kwamba kila wimbo wa siasa ni sala au gwaride. Tarehe 9 Februari 1955 polisi wapatao 2,000 wenye silaha waliingia Sophiatown, mtaa wa Johannesburg walimoishi watu wa rangi na makabila mbalimbali, wakaanza kuwahamisha Waafrika kwa nguvu hadi Meadowlands, mahali ambapo sasa ni sehemu ya Soweto. Katika siku hizo Strike Vilakazi alitunga wimbo uitwao Meadowlands, wenye mahadhi ya kuchezeka na lugha mchanganyiko ya mitaani. Husimuliwa kwamba wakubwa wa serikali walipousikia walidhani unasifu uhamisho. Waliohamishwa waliuelewa vingine. Sophiatown ilibomolewa na mahali pake pakaitwa Triomf, yaani Ushindi. Jina la zamani lilirudishwa rasmi mwaka 2006. Kwa nusu karne ramani ilinyamaza, na wimbo ukaendelea kusema.

Mfano wa pili ni wa Vuyisile Mini wa Port Elizabeth, mtu wa vyama vya wafanyakazi na mwimbaji wa sauti nzito. Alitunga wimbo wa kumwonya Hendrik Verwoerd, waziri mkuu wa serikali ya ubaguzi, kwamba mtu mweusi anakuja. Maneno ni machache na mahadhi yanachangamsha, hata msikilizaji asiyejua lugha aweza kudhani ni wimbo wa harusi. Miriam Makeba aliurekodi nje ya nchi, ukasikika duniani. Mini mwenyewe alinyongwa Pretoria tarehe 6 Novemba 1964 pamoja na Wilson Khayinga na Zinakile Mkaba. Waliokuwa gerezani siku zile wamesimulia kwamba alikwenda kwenye kitanzi akiimba. Walizikwa katika makaburi ya mafukara, na mwaka 1998 mabaki yao yalifukuliwa na kuzikwa upya kwa heshima katika mji wao.

Mipaka ya shahidi huyu

Hapa ndipo mwalimu anapopaswa kuwa mwangalifu. Wimbo hutunza uchungu, tumaini na majina ya watu. Mara chache hutunza tarehe na hesabu. Tena wimbo ni shahidi mwenye upande. Tangu mwaka 1997 wimbo wa taifa wa Afrika Kusini umeunganisha sehemu ya utunzi wa Sontonga na sehemu ya Die Stem, uliokuwa wimbo wa dola ya ubaguzi, na huimbwa kwa lugha tano. Kwa baadhi ya raia huo ni mkono wa upatanisho. Kwa wengine, nusu ya pili ni sauti ya aliyewatesa. Ubao mmoja wa historia unasomwa na macho mawili.

Lakini upungufu mkubwa kuliko wote ni huu: wimbo waweza kuishi na kumsahau aliyeutunga. Kwa miaka mingi hapakuwa na aliyejua kaburi la Sontonga lilipo. Lilipotafutwa katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, halikuonekana kwa urahisi, kwa sababu katika daftari la makaburi aliandikwa kwa jina la Enoch, si Sontonga. Tarehe 24 Septemba 1996 Rais Nelson Mandela alizindua mnara mahali hapo. Mamilioni walikuwa wakiimba utunzi wake, na kaburi lake halikujulikana. Kilicholirudisha kaburi lile ni utafiti wa watu waliouliza maswali na kufungua madaftari. Kuuliza huko ndiyo kazi ya mwalimu.

Mfano wa somo: darasa la sita, vipindi viwili

Shabaha: wanafunzi waweze kueleza asili ya mahadhi ya wimbo wa taifa, na kuuhoji wimbo wowote kama chanzo cha historia.

Zana: ramani ya Afrika, ubao, kamba nyembamba, na sauti za wanafunzi wenyewe. Santuri au redio ikipatikana ni vema, isipopatikana somo halipungui.

Hatua ya kwanza. Wanafunzi wavumishe mahadhi bila maneno. Kisha mwalimu aulize: mnasikia nini, sala, furaha au huzuni? Majibu yote yaandikwe ubaoni bila kusahihishwa.

Hatua ya pili. Mwalimu asimulie habari za Sontonga kwa ufupi, akianza na kwamba alikuwa mwalimu. Wanafunzi wavute kamba katika ramani kutoka Johannesburg hadi Bloemfontein, London, Dar es Salaam, Lusaka na Harare, huku mwaka wa kila kituo ukiandikwa.

Hatua ya tatu. Yatolewe maswali matano ya kumhoji shahidi: Nani aliimba? Aliwaimbia nani? Lini na wapi? Alitaka nini kitokee? Ni jambo gani ambalo wimbo haukusema? Swali la tano lisirukwe, kwani ndilo linalomfundisha mtoto kwamba hakuna chanzo kinachosema yote.

Hatua ya nne. Kila mwanafunzi aende nyumbani akamwombe babu, bibi au jirani mzee wimbo mmoja wa zamani: wa jembe, wa ngoma, wa siku za kudai uhuru, wa ushirika. Auandike pamoja na habari ya mahali ulipoimbwa na sababu yake.

Hatua ya tano. Katika kipindi cha pili nyimbo chache ziimbwe na kuhojiwa kwa maswali yale matano. Habari zilinganishwe na kitabu cha historia: zinakubaliana wapi, zinapingana wapi?

Tahadhari

Mzee aombwe kwa adabu, wala asilazimishwe. Zipo nyimbo za jando na unyago zisizotoka nje ya mahali pake, na zipo zinazoamsha msiba. Mwalimu azipitie kwanza nyimbo zilizoletwa, kwa kuwa ngoma nyingi zina matusi ya kishindani yasiyofaa mbele ya darasa, au zinataja ukoo wa mtoto aliyeketi humo humo. Kadhalika somo lisigeuzwe kuwa kampeni. Kazi ya mwalimu ni kuuliza wimbo ulitaka nini, si kuwataka wanafunzi wautii. Mwisho, mzee akisema "sikumbuki tena sababu yake," mtoto aandike hivyo hivyo. Asibuni sababu ili kulipendeza daftari.

Hitimisho

Wazee waliokuwa watu wazima mwaka 1961 wamebaki wachache, na kila mwaka wanapungua. Nyimbo zao baadhi zitabaki, kwa kuwa zinaimbika. Sababu zake hazitabaki zenyewe, maana sababu haina mahadhi. Zitabaki iwapo mtu ataziuliza na kuziandika mapema. Mwanachuo atakayepelekwa kijijini atakuwa na wanafunzi arobaini au zaidi, na kila mmoja ana mlango wa kubisha. Hakuna mtafiti kutoka mbali mwenye milango mingi kiasi hicho. Na daftari la mazoezi lenye wimbo mmoja, jina kamili la aliyeuimba, mahali na sababu, ni kinga dhidi ya yaliyompata Sontonga.

Maswali ya kujadili

1. Eleza kwa mifano tofauti kati ya mambo yanayotunzwa na wimbo na mambo yanayotunzwa na hati ya serikali.

2. Kwa nini wimbo Meadowlands uliweza kusikika kwa maana mbili? Taja wimbo wa kwenu wenye fumbo la namna hiyo, na ueleze ulivyofumbuliwa.

3. Mwanafunzi ameleta wimbo unaomlaumu kiongozi wa zamani, na mjukuu wa kiongozi huyo yumo darasani. Utafanya nini?

4. Andaa andalio la somo la vipindi viwili ukitumia wimbo wa mahali ulipozaliwa na maswali matano ya kumhoji shahidi.