Gole la Kuku: Namna ya Kulipima na Kulitunza

Ninyi wenye kuku nyumbani, someni somo hili polepole, kisha mwende kumshika kuku mmoja mzima, siye mgonjwa. Katika jambo hili vidole vinafundisha kuliko macho.

Weka vidole chini ya shingo yake, mbele ya kifua, upande wa kuume. Utasikia kifuko laini chini ya ngozi. Kifuko hicho ndicho gole. Kuku hana meno. Kila anachodonoa kinashuka kwanza katika gole, kinangoja humo na kulowana, kisha kinakwenda kidogo kidogo mpaka firigisi. Firigisi inakisaga kwa msaada wa vijiwe ambavyo kuku amevimeza. Jioni, kuku akirudi kulala, gole limejaa na kutokeza kama ndimu. Usiku chakula kinashuka. Asubuhi, kabla hajala kitu, gole liwe tupu.

Shikeni neno hili: gole lililojaa jioni si ugonjwa, gole lililojaa alfajiri ni ugonjwa. Watu wengi wanakosea kwa sababu wanamtazama kuku saa sita ya mchana, wanaona kifua kimevimba, wanaanza kumtesa kwa dawa, na yeye alikuwa ameshiba tu.

Kabla ya kushika gole, hesabu wagonjwa. Wakiugua wengi kwa siku mbili tatu, wakihema kwa shida, wakiharisha kijani, wengine wakipinda shingo, hiyo yaweza kuwa tauni ya kuku inayoitwa Newcastle, ambayo ilijulikana kwanza katika mwaka 1926. Gole lao laweza kujaa maji pia, lakini ubaya hautoki katika gole. Tauni hiyo haina dawa. Kuna chanjo tu, nayo inatolewa kwa kuku wazima. Usiuze wagonjwa sokoni, usiwapeleke kwa jirani; mwite mganga wa nyama. Somo letu ni la kuku mmoja anayeugua peke yake, na wenzake wote wanakula vizuri.

Tuseme mama mmoja wa kijiji cha karibu na Kambove ana kuku watano. Anatoka usiku kwenda shamba, au kuosha mawe ya shaba mtoni, na kuku wamefungiwa ndani mpaka mtoto arudi kutoka masomo. Wanapofunguliwa wana njaa kali. Wanameza kila kitu: majani marefu makavu ya kipwa, nyuzi za magunia ya plastiki ambamo wachimbaji wanatia mawe, vipande vya mifuko. Vitu hivyo vinajisokota ndani ya gole kama kamba, na chakula cha nyuma hakipati njia. Kuku huyo ndiye angalinunua madaftari ya mtoto. Sasa amesimama pembeni, manyoya yamesimama, na jirani wanasema amerogwa. Hakurogwa. Mshike alfajiri: gole ni gumu kama unga wa bukari uliopoa, na ukilibonyeza, alama ya kidole inabaki.

Kwa gole gumu fanya hivi. Mtenge kuku mahali penye kivuli, pasipo majani wala maranda ya kudonoa. Usimpe chakula siku moja. Maji safi awe nayo. Mshike chini ya kwapa, kichwa kikiwa juu, umtie mafuta ya kula ya vuguvugu pembeni mwa mdomo, tone kwa tone, nusu ya kijiko kidogo, ukingoja ameze mwenyewe. Usimimine kwa haraka, kwa sababu tundu la pumzi liko pale nyuma ya ulimi, na mafuta yakiingia humo yatamwua kuliko ugonjwa. Kisha sugua gole kwa vidole, polepole, kama mtu anayelainisha udongo wa chungu, kwa muda wa dakika tano. Rudia mara nne kwa siku. Bonge likianza kuvunjika utalisikia. Kesho yake umpe chakula laini kidogo: yai lililochemshwa na kupondwa, au uji mzito. Mahindi yangoje mpaka gole liwe tupu asubuhi mbili zikifuatana.

Siku mbili zikipita na bonge halikulainika, ndani mna kamba au plastiki, na kusugua hakutaliondoa. Mganga wa nyama aweza kupasua gole, kulisafisha na kulishona, na kuku wengi wanapona. Usipasue wewe kwa wembe. Gole lina ngozi mbili, ya nje na ya ndani, kila moja inashonwa peke yake. Asiyejua hilo anashona moja, na chakula kinavuja chini ya manyoya. Kama mganga yuko mbali, na kuku bado ana nguvu, na ugonjwa ni bonge tu, ni afadhali kumchinja mapema na kutupa gole pamoja na matumbo, kuliko kumwacha adhoofike wiki nzima. Kuku aliyekufa mwenyewe asiliwe.

Gole chachu ni jambo lingine, na hapa ndipo watu wanaua kuku kwa mikono yao. Gole limejaa, lakini ni laini, linatikisika kama mfuko wa maji. Kuku ananyosha shingo, anatikisa kichwa. Mfungue mdomo unuse: harufu ni ya pombe iliyooza. Chakula kimekaa na kuchacha, na vijidudu vya namna ya chachu vimezaa humo. Mara nyingine utaona utando mweupe mdomoni. Hayo yanatokea baada ya gole kuziba kwanza, au kuku akipewa bukari ya juzi, machicha ya munkoyo, mahindi yenye ukungu. Yanatokea pia kwa kuku aliyepewa dawa za vidonge vya watu siku nyingi bila shauri. Ninajua vidonge hivyo vinauzwa kila soko. Havikutengenezwa kwa kuku.

Watu wanamninginiza kichwa chini na kukamua gole ili maji yatoke. Usifanye hivyo. Maji yale yanaingia katika mapafu, na kuku anakufa mikononi. Usilisugue gole hilo kwa nguvu. Mwondolee chakula toka asubuhi mpaka jioni, umwachie maji safi yanayobadilishwa mara kwa mara, kisha umpe yai kidogo lililopondwa, mara nyingi kwa kiasi kidogo. Utando mweupe ukiwapo, au harufu isipokwisha siku ya pili, anahitaji dawa ya ukungu kwa kipimo cha mganga. Vitabu vya zamani vilishauri mrututu katika maji ya kunywa. Mrututu umetengenezwa na shaba. Ukizidi kidogo ni sumu, na hakuna awezaye kuupima kwa vidole. Acheni.

Kuna tena gole linaloning'inia kama mfuko mtupu, kwa sababu nyama yake imelegea. Hilo halirudi. Mpe chakula kidogo mara nyingi, mayai yake usiyaatamishe, kwa sababu vifaranga wengine wanarithi udhaifu huo.

Wenye kufungia kuku wafanye mambo mawili tu. Kwanza, wawaachie chakula kidogo cha alfajiri, wasiingie mchana na njaa ya kumeza kamba. Pili, wakate majani ya lengalenga yasizidi urefu wa pingili ya kidole, na waweke changarawe ndogo katika kigae. Na ua ufagiliwe nyuzi za magunia.

Lakini changarawe hiyo usiichote katika mabaki ya mgodi. Ninyi mnaokaa karibu na machimbo, angalieni sana neno hili. Udongo wa mabaki waweza kuwa na risasi, na risasi inalegeza gole: linajaa chakula laini, halina bonge, halinuki, lakini halishuki. Kuku anakonda huku kifua kimejaa. Kusugua hakusaidii, mafuta hayasaidii. Katika Kabwe, ng'ambo ya mpaka katika Zambia, mgodi wa risasi ulifungwa mwaka 1994, na miaka mingi baadaye kuku waliokuwa wakichakura karibu nao walikutwa na risasi nyingi katika maini. Ukiona kuku wawili watatu wa namna hiyo, na wanachakura kwenye mabaki, wahamishe wote, uwajengee ua juu ya udongo wa mbali, umwarifu mganga wa nyama. Aliyeugua hivyo asiliwe, hata maini yake, na mayai ya kuku wa pale wasipewe watoto.